Samaki Wanaoujua Upawa

Denpasar, 2 Machi 2004

Shemeji Rening,

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu chini ya kifuniko cha boksi la samaki. Lakini huko kwenu simu haishiki, na dereva wangu ukimtuma maneno anayafikisha nusu.

Nije moja kwa moja. Samaki wananifia. Nanunua samaki wa mapambo, kitatange na kangaja, kutoka kila pembe, wanafika wamenona, wanakaa siku nne au tano, kisha asubuhi nawaokota tumbo juu. Wateja wa Ulaya wananiandikia matusi yenye adabu. Mjerumani wangu, Bwana Ostermeier, amesema hachukui tena samaki kwangu ila waliovuliwa kwa nyavu na kuwekwa karantini kijijini Tegal Karang kama zamani. Kama zamani maana yake ni wewe. Pwani yote ya kaskazini hakuna anayejua kuwatunza samaki kabla ya safari kama wewe.

Mambo ya mwaka jana tuyaache huko huko. Adhabu ya kijiji ilimhusu Mastra, na Mastra hayupo. Mimi nami niliumia. Mumeo na mimi tulipokezana mpira mmoja wa hewa tangu ujana wetu, tukazamia miamba ile ile. Lakini sheria ni sheria. Washa pampu zako, wavuvi wakuletee, nami nitachukua wote.

Nimekuwekea kilo ya kahawa. Mama yangu akiwa na shida yoyote hapo kijijini, nijulishe.

Komang Ardika


Tegal Karang, 6 Machi 2004

Shemeji Komang,

Barua na kahawa nimepata. Ahsante kwa kunikumbuka, wengine walishanisahau.

Nimekubali. Matangi yangu manane bado mazima, nimeyasugua na kuyaanika. Ila masharti ni yale yale ya Mastra, sipunguzi hata moja. Samaki akitoka baharini anaogeshwa kwanza kwenye maji yasiyo na chumvi, vijidudu vimtoke. Siku ya kwanza analala gizani, tangi limefunikwa gunia. Kila tangi lina wavu wake na ndoo yake, na mkono ukitoka tangi moja hauingii jingine bila kuoshwa. Nawalisha mwenyewe asubuhi na jioni, siku kumi kamili. Asiyekula haondoki.

Kwa hiyo hutapata wengi, na usiniletee habari za siku tatu. Wiki ya Siku ya Kimya, kisiwa kizima kinapofunga shughuli, sitatuma kitu, sitaki samaki wangu wakwame kwenye uwanja wa ndege uliofungwa.

Mama yako hajambo. Anakohoa kidogo, kikohozi chake kile kile.

Rening


Tegal Karang, 7 Machi 2004

Dada Sekar,

Komang ameniandikia. Ndiyo, huyo huyo. Ameniletea na kahawa. Nimeimwaga kwenye banda la nguruwe, na nguruwe wenyewe wameinusa wakaondoka. Halafu nikakaa nikamjibu kwa maneno ya asali, shemeji huku, shemeji kule, mpaka mkono ukataka kutapika.

Wewe huko mlimani ulisikia vipande vipande, acha nikuandikie yote mara moja. Kwa mdomo nitalia, na nimechoka kulia.

Mwaka jana maboksi ya Komang yalifika Ujerumani yamejaa mizoga. Wakapima, wakakuta sianidi, ile sumu wanayopulizia samaki mwambani wazubae wakamatwe kwa mkono. Komang akaona mteja anamponyoka, akatafuta mtu wa kumtupia. Akaja hapa na barua ya Mjerumani, akasimama hekaluni mbele ya Mkuu wa kijiji, Nengah Widja, akaapa kwa maji matakatifu kwamba samaki wenye sumu walitoka kwa Mastra. Nawe unajua sisi sote tuliapa hekalu lile lile kuacha sumu, baada ya kuyaua matumbawe yetu wenyewe. Adhabu ilishaandikwa, kutengwa. Hakuna wa kusema nawe, hakuna wa kukupa moto, na ukifa hakuna wa kukubeba.

Mastra hakuacha kuzamia, angekula nini? Lakini kompresa, mashine ya kumsukumia mzamiaji hewa, inataka mtu wa kubaki mashuani, aulinde mpira wa hewa. Hakuna aliyekubali kupanda mashua moja naye. Akaenda peke yake. Mpira ukakunjika, hakuna wa kuukunjua. Hata alipokuwa maiti kijiji hakikuja, ndiyo maana amelala huko kwenu, kati ya watu wasiomjua.

Mtu mmoja tu aliivunja ile sheria, tena nusu. Mama yake Komang, Bibi Rumi. Kila asubuhi aliweka sahani ya wali juu ya ukuta wetu, akakohoa ili tujue, akaenda zake. Kusema hakusema. Kukohoa hakukukatazwa.

Mimi najua Mastra hakugusa sumu, kwa sababu samaki wake niliwalisha mimi. Samaki wa sumu hula vizuri siku mbili tatu, kisha anaoza ndani kwa ndani. Siku kumi kwangu hazimaliziki akiwa hai. Nilisema hayo barazani, wakaniambia mke lazima amtetee mumewe.

Sasa sikiliza. Unaukumbuka upawa wa mama, ule wa kifuu? Kabla ya kuwalisha nagonga nao ukingo wa tangi mara mbili, ko, ko, ndipo namwaga chakula. Kufika siku ya sita nikigonga tu wanapanda juu, midomo wazi. Siku ya kumi hata uwapeleke tangi la ugenini, wanaujua. Asiyepita kwangu hukimbilia mawe. Komang hajui hili, maana yeye ni wa kuvua na kuuza, kulisha hajawahi kulisha hata kuku.

Nataka siku moja nisimame ndani ya nyumba yake ya samaki, upawa mkononi, Mkuu Nengah Widja ubavuni. Agosti kijiji kinawafukua na kuwachoma marehemu wake wote pamoja, na ibada hiyo haifanyiki tena mpaka miaka mitano ipite. Orodha ya majina inafungwa mwisho wa Julai. Nataka Mastra awemo, arudi nyumbani. Na nataka Komang ale wali wa ukutani.

Rening


Bukit Lalang, 15 Machi 2004

Mdogo wangu Rening,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu nimemsomea Mastra pale kaburini. Nilimkuta ng'ombe wa jirani amelala juu yake. Nimemtukana ng'ombe, nimemtukana na mwenye ng'ombe, sasa hatusalimiani.

Mimi ningekuwa wewe, kahawa ile ningeitia kitu nikamrudishia anywe mwenyewe. Lakini wewe tangu utotoni una subira ya kuudhi.

Swali langu ni moja. Siku hiyo ukigonga na wasije? Utakuwa umesimama mbele za watu wazima na kijiko. Fanya mazoezi, mwanamke.

Dada yako, Sekar


Denpasar, 11 Mei 2004

Shemeji Rening,

Wewe ni dawa! Kati ya wote uliowaleta amekufa mmoja tu, naye aliruka mwenyewe nje ya tangi, mpumbavu. Bwana Ostermeier amefurahi mpaka anapanda ndege. Anafika tarehe kumi na tisa Juni, anataka kuwaona watu wa karantini kwa macho yake.

Njoo na Mkuu Nengah Widja, gari nitatuma. Vaa kebaya yako ile ya kijani. Nimechapisha vibandiko vya kijiji chenu, "Tegal Karang, kwa nyavu pekee, siku kumi za karantini", na kila tangi humu ndani lina kibandiko. Nyumba yangu yote sasa ni kijiji chenu! Wewe simama tu karibu na vioo, tabasamu, maneno niachie mimi.

Ila nieleze kitu. Dereva anasema wakiwa kwako wanapigania chakula mpaka maji yanamwagika. Hapa wanazubaa. Unawapa nini? Mimi si mtu baki, nipe siri.

Komang


Tegal Karang, 14 Mei 2004

Shemeji Komang,

Siri hakuna. Chaza na kamba waliosagwa pamoja, kitunguu saumu kidogo, basi. Wape kidogo kidogo.

Ila nakuomba sana jambo moja. Waambie wafanyakazi wako wasigonge matangi, hata kwa ukucha. Samaki aliyetoka karantini ana moyo mwepesi, akishtuliwa rangi inapauka, na mgeni ataona. Nyumba yote iwe kimya mpaka siku hiyo.

Mkuu amekubali kuja. Amesema wewe ni mtoto wa kijiji uliyefanikiwa, naye angependa kuona mafanikio yenyewe. Kebaya ya kijani nitavaa.

Rening


Denpasar, 21 Juni 2004

Rening,

Sikuiti shemeji tena. Nimekufungulia mlango wangu, nimekulisha, kumbe umekuja na upawa umeuficha kwenye mshipi kama mchawi! Mbele ya mgeni! Mbele ya Mkuu!

Kosa langu nini hasa? Kuongezea samaki kutoka visiwa vya mashariki? Mjini hapa kila mtu anaongezea. Wewe unadhani matangi arobaini yanajazwa na wazee watano wenye nyavu zilizotoboka? Ostermeier ameondoka bila kugusa chai yangu. Mkuu amekataa gari langu, mzee mzima kapanda basi.

Usijione umeshinda. Kijiji kinakumbuka ni nani aliyekijengea lango jipya la makaburi.

Komang Ardika


Tegal Karang, 25 Juni 2004

Dada Sekar,

Nimegonga, na wamekuja.

Matangi yalikuwa arobaini, Dada, yote yana jina la kijiji chetu. Komang anatembea mbele, mikono nyuma, anamwambia Mjerumani hawa wote ni wa Tegal Karang, wote wamelala siku kumi. Binti mkalimani anafuata anatafsiri. Nikasema, "Mkuu, naomba niwasalimie samaki wangu." Komang akacheka, "Wasalimie, Shemeji! Wamekukumbuka kweli kweli!"

Nikauchomoa upawa. Tangi la kwanza, ko, ko. Wakatawanyika, wakajificha. La pili vivyo hivyo. Nikasikia sauti yako, mwanamke na kijiko chako. Komang akasema, "Unawatisha bwana, acha hayo." Nikagonga la tatu.

Wakaja wote. Kitatange kumi na wawili, midomo juu ya maji, wananisubiri mimi.

Sikusimama tena. Niligonga matangi yote arobaini, na tisa tu ndiyo yaliyonijibu. Mkuu alinifuata nyuma akihesabu. Tulipofika la mwisho akamgeukia Komang.

"Hawa wengine wa kijiji gani?"

"Wa kwetu, Mkuu. Wamechoka tu na safari."

"Wamechoka matangi thelathini na moja?"

Hapo Mjerumani akaanza kusema, haraka haraka, uso mwekundu, mpaka binti akamwomba arudie. Alisema kwamba mzigo ule wa mwaka jana haukufa wote. Walisalia tisa, akawaweka nyumbani kwake. Mkewe akikoroga kahawa huwa anagonga kijiko kwenye kikombe mara mbili, na kila akigonga, wale tisa wanapanda juu. Mwaka mzima wamekuwa wakicheka, hawajui wamejifunzia wapi. Sasa wamebaki wanane, maana mmoja alipanda mno, paka akamla.

Nikamuuliza Mkuu, "Wiki ile bahari ilikuwa chafu. Daftari la baraza, lile la kuandikia samaki wa kila mvuvi, linasema Mastra alipeleka wangapi?"

Alikuwa anakumbuka. Daftari hilo alilisoma mwenyewe siku ya hukumu. Akakaa juu ya boksi, akavua kilemba chake.

"Tisa," akasema. "Rening, tumemuua mtu."

"Ndiyo, Mkuu," nikamwambia. "Mmemuua." Sikumpunguzia hata kidogo.

Jana baraza limekaa. Jina la Mastra limeingia kwenye orodha. Anarudi nyumbani, Dada, njooni naye. Na Komang ametengwa kwa maneno yale yale aliyosomewa Mastra, mimi niliomba yasibadilishwe hata moja. Watu wameniuliza kama sasa moyo umetulia. Haujatulia, umefurahi. Nimekula kisasi nikalamba na vidole.

Jambo moja sikulifikiria. Kutengwa kunabeba nyumba nzima, na Bibi Rumi anakaa kwenye nyumba ya mwanawe. Asubuhi ya leo nimeweka sahani ya wali juu ya ukuta wake. Nimekohoa, nikaenda zangu.

Rening


Tegal Karang, 17 Agosti 2004

Shemeji Rening,

Niruhusu nilitumie neno hilo mara moja tu. Mama amefariki juzi. Niko hapa hapa, nyumba ya tano kutoka kwako, na nakuandikia barua kwa sababu kwa mdomo hakuna anayenijibu. Nimegonga kwa Nengah Widja, nikasikia akizima redio. Nimegonga kwa wajomba zangu. Nimeenda mjini kukodi wabebaji, wamefika kwenye lango la makaburi wakarudishwa. Lango lile nililijenga mimi.

Nakiri, na unaweza kumsomea yeyote barua hii. Nilijua samaki wa Mastra ni wazima. Maboksi yaliyokufa yalikuwa yangu. Nilidhani watamtenga mwezi mmoja, ataomba radhi, yataisha, tutacheka. Sikujua atazamia peke yake. Ningekuwepo, Shemeji, mpira ule ningeushika. Usiku na mchana nafikiri hilo tu.

Sema neno barazani. Sema umenisamehe, watafungua. Kama huwezi kwa ajili yangu, mama yangu hakukukosea.

Komang


Tegal Karang, 18 Agosti 2004

Komang,

Mama yako ameshaoshwa. Ulipokwenda mjini kutafuta watu wa kukodi, niliingia kwa mlango wa nyuma na wanawake wanne, tukamwosha, tukamfunga nywele, tukamvika nguo nyeupe. Ulirudi ukamkuta hivyo, na hukujiuliza ni nani. Ulidhani amejiosha?

Jana jioni nilisimama barazani. Niliwaambia kwamba mama huyu alivunja sheria yao kila asubuhi bila kutamka neno moja, na kwamba wali wake ndio uliotuweka hai tulipokuwa tumekufa machoni mwao. Mkuu ameifungua orodha kwa jina moja. Tarehe ishirini na moja atachomwa pamoja na wenzake, na jina lake limeandikwa chini ya jina la Mastra. Mti wa mbele wa jeneza lake nitaubeba mimi. Wanaume wamenung'unika, kisha wamekubali.

Kwa ajili yako sikusema kitu. Mkuu aliniuliza, "Na mwanawe?" Nikatazama chini. Akauliza tena. Nikaendelea kutazama chini mpaka akaingia shauri lingine.

Unasema ungekuwepo ungeushika mpira. Ulikuwepo, Komang. Siku ile Mastra alikupigia simu kutoka kituo cha basi, akakuomba uje umshikie mpira mara moja tu, apate pesa za mchele. Uliniambia mwenyewe msibani, huko Bukit Lalang, kwamba ulikuwa na maboksi ya kupakia. Nililiweka neno hilo mpaka leo.

Tarehe ishirini na moja njoo, wewe ni mtoto wake. Tembea nyuma kabisa. Hakuna atakayekusukuma wala kukutukana. Hakuna atakayekupa maji, hakuna atakayekuuliza umelalaje. Utakuwa katikati ya watu mia tano, na hewa yako utajitafutia mwenyewe.

Sheria inanikataza kusema nawe, na barua hii nimeiombea ruhusa, ni moja na ya mwisho. Nakusikia unavyopita njiani, unagonga kwa huyu, unagonga kwa yule. Hujafika kwangu bado. Njoo ugonge, mara mbili, kama ninavyogonga mimi. Nitakuwa ndani, nimekaa, nakusikia.

Rening, mke wa Mastra